Punje Ishirini Mfukoni

Gari la shule ya Bweni Kuu lilikuwa lije Ijumaa kumchukua Elyudi. Jumatano asubuhi, nilipokuwa nafunga aproni yangu ya zamani, nikatia mkono mfukoni nikakuta punje ishirini za mahindi.

Nikasimama nazo kiganjani pale mlangoni mwa kitengo chetu cha elimu maalumu. Juni ya Njombe haina utani. Ukungu ulikuwa umelalia nyavu za kuvunia maji, matone yanadondoka kwenye mapipa, na sare yangu mpya ilikuwa na siku ya tatu kwenye kamba haijakauka. Ndiyo maana nilirudi kwenye aproni. Tangu Machi sikuwa nimeivaa. Tangu Machi, basi, sikuwa nimehamisha punje hata moja.

"Dada Oliva anahesabu mahindi," akasema Faraja. Ana miaka kumi na mmoja, na hajawahi kuona jambo akalinyamazia. "Unapika kande?"

"Sipiki. Ingia utundike kofia."

Nyuma yake akaja Elyudi, mguu mmoja mmoja kama anayepima kina cha maji, mkono unapapasa ukuta. Elyudi ana miaka tisa. Ana usonji, na mdomo wake haujawahi kutoa neno ambalo mtu angelielewa. Kwenye kola ya sweta yake kilikuwa kimebanwa kinenea, kidogo kama kiberiti, na waya mwembamba kama uzi ulipita nyuma ya sikio ukashuka mpaka kooni.

"Kamwene, Elyudi," nikamwambia.

"Kamwene, Dada Oliva! Nimefurahi kukuona!" kinenea kikajibu, kwa ile sauti ya kitoto aliyochaguliwa.

Hata mdomo nilikuwa sijaufunga. Nikazitazama tena zile punje.

Alikwenda kwenye ratiba yake ya picha ukutani, akabandua picha ya sweta, akaitia koponi, akatazama inayofuata: mikono na bakuli. Hiyo ni kazi ya asubuhi. Tunamenya njegere na kuchambua maharage ya chakula cha mchana, na humo humo wanajifunza kuhesabu, kutenga na kungoja zamu. Nikaweka mabakuli mawili mbele yake, moja kulia, moja kushoto.

"Elyudi, njegere au maharage?"

"Maharage, tafadhali!"

Kwa miezi mitatu hapo ningekuwa nimeshamsogezea maharage na kwenda kwa mtoto mwingine. Safari hii nikakaa. Nikatia mkono mfukoni, nikaanza kuhamisha punje moja moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, kama zamani, ili nisimharakishe. Punje ya nne, bado anatazama dirisha. Ya tisa, macho yakaondoka dirishani. Ya kumi na mbili, bega likashuka. Mkono ukaanza safari, polepole, ukisimama na kuendelea, na kwenye punje ya kumi na saba vidole vyake vikagusa bakuli la njegere. Akalivuta kifuani.

Kinenea kilikuwa kimeshasema maharage na kikanyamaza kama mtu aliyemaliza kazi.

"Anapenda njegere huyo," Faraja akasema bila kuinua kichwa. "Siku hizi anatia na mfukoni."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

*

Kinenea hakisomi mawazo. Watu wengi wanadhani hivyo, na waliokileta hawakujisumbua kuwasahihisha. Mtu akitaka kusema neno, koo hujiandaa kabla, hata kama neno lenyewe halitatoka. Kinenea kinasikia huko kujiandaa, kinalitamka. Kwa mtoto kama Elyudi koo linachukua muda. Neno linakuja, linarudi, linakuja tena. Kwa hiyo kuna mahali pa kukipangia kingoje sekunde ngapi, na mahali hapo pameandikwa Subira. Yetu ilikuwa thelathini. Subira ikiisha na mtoto hajasema, kinenea kinakisia. Kinatazama umeulizwa nini, watoto wengine wa umri wako hujibu nini, kinachagua jibu zuri, kinasema kwa sauti yako.

Machi tuliletewa taarifa kwamba wathibiti ubora wanakuja. Unajua mambo ya ugeni. Tulipaka mawe chokaa. Tuliazima ramani kutoka darasa la tatu, viti kutoka ofisini, kitambaa cha meza kutoka kigangoni. Mimi nikashonewa sare. Na Mwalimu Mgaya, mkuu wa kitengo, akazunguka darasa akishika kiuno.

"Oliva, kile kimya chetu wageni hawatakielewa," akasema. "Watauliza swali, watakaa nusu dakika wanatazamana, wataandika kwamba watoto hawajibu. Kishushe kidogo hicho kidude."

"Ngapi?"

"Hata mbili."

Kanuni imebandikwa mlangoni: Subira inaguswa na mwalimu mwenye cheti peke yake. Mimi nimeishia la saba. Lakini namba ya siri alikuwa ameshanipa siku nyingi, maana ndiye mimi niliyekuwa navichaji vinenea. Nikaweka mbili. Wageni wakaja, watoto wakajibu mfululizo kama redio, wageni wakapiga makofi, wakaondoka.

Kesho yake tukarudisha ramani, viti, na kitambaa cha kigangoni kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Vyote vilikuwa vimeandikwa kwenye karatasi, nikavipiga alama kimoja kimoja. Tulichoazima kwa watoto wenyewe hakikuwa kwenye karatasi.

Jumatano hiyo, watoto walipokwenda uji, nikafungua kabati nikatoa kibao cha skrini kinachoungana na vinenea. Kibao kinaweka kila neno lililosemwa, na pembeni mwa kila neno kuna nukta. Nukta iliyojaa: neno la mtoto. Nukta tupu: kisio. Taarifa inayotumwa kwa wazazi haina nukta. Nikafungua kwa jina la Elyudi, nikaburuta kidole kushuka. Hadi Machi kumi na moja, nukta zimejaa, chache, siku nyingine mbili tu. Kutoka hapo, tupu, tupu, tupu, mistari kwa mistari.

Nikaitafuta Mei ishirini. Ndiyo siku waliyoongea naye watu wa Bweni Kuu kwenye skrini, mama yake amekaa pembeni, mimi nimesimama nyuma. Sheria ya Kauli ya Mtoto inasema mtoto mwenye kinenea ataulizwa mwenyewe, na neno lake ni sahihi yake. Wakamwuliza: Elyudi, unataka kuja kuishi na kusoma kwetu?

*Ndiyo, nataka sana kuja.*

Nukta tupu.

*

Mwalimu Mgaya alikuwa anakunywa uji amesimama, kama anavyofanya kila kitu.

"Mwalimu, naomba uone hapa."

Akaona. Akaweka kikombe chini, akakichukua tena, akakiweka.

"Wote sita?"

"Watano. Cha Faraja sikukigusa, yeye anaongea mwenyewe."

"Huyo hata angewekewa sekunde sifuri..." Hakumaliza mzaha. Akavuta kiti, kwa mara ya kwanza nikamwona amekaa. "Ukisema ni wewe, wanakutoa. Huna cheti. Nikisema ni mimi, wananihamisha, na kitengo kinabaki na nani?"

"Na tusiposema, Ijumaa wanamchukua Elyudi."

Akasugua uso. "Sikiliza. Nairudisha Subira sasa hivi. Kesho tunamwuliza upya mbele ya mama yake. Akisema haendi, mtoto kabadili mawazo. Watoto hawabadili? Wanabadili. Gari tunalizuia, hakuna aliyeumia."

Nitasema ukweli: niliutaka mpango huo. Niliutaka sana. Nilikuwa tayari namwona Elyudi kwenye ukuta wake na ratiba yake, na mimi kwenye aproni yangu, na hakuna aliyejua kitu.

"Mama yake ana daftari," nikasema.

"Daftari gani?"

"Anaandika kila neno. Taarifa ikifika jioni, ananakili kwa mkono wake. Aliwahi kunionyesha. Ananisomea kama Biblia. Atakuwa anayaamini yale maneno mpaka anazeeka, Mwalimu."

"Sasa unataka kumnyang'anya?"

"Sitaki. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nje Faraja alikuwa anamtangazia mpishi kwamba uji umepungua sukari. Mwalimu Mgaya alitazama kibao muda mrefu. Angekuwa na punje, zingeisha zote.

"Mwite aje kesho," akasema. "Aje na daftari. Na nitakayeongea ni mimi, umesikia? Wewe ulibonyeza, mimi nilikutuma."

*

Alhamisi Mama Elyudi alikuja mapema, anatokwa jasho na baridi yote ile. Mgongoni alikuwa amebeba sanduku la bati, jipya, jina la mtoto limepakwa rangi nyeupe kwenye kifuniko.

"Nimepita kulichukua kwa fundi," akasema, akalitua. "Shuka mbili nimeshapata. Nilitaka nimchinjie kuku wangu yule mwekundu ale leo na nduguze, lakini naye wiki ya pili simwoni. Kicheche amenikomoa. Haya, Mwalimu, mmeniitia nini? Msiniambie gari limeahirishwa, nitaanza kulia upya, na machozi yenyewe yamekwisha."

"Kaa kwanza, mama."

Mwalimu alimweleza. Aliongea vizuri, sikutegemea. Hakuzunguka, hakulaumu mashine, na mahali pa kusema "tulisahau" alisema tulisahau. Mimi nilitazama mikono ya Mama Elyudi juu ya lile daftari. Kwanza ilikuwa imetulia. Halafu kidole gumba kikaanza kusugua ukingo wa jalada.

"Miaka tisa nilikuwa namsemea," akasema mama, Mwalimu alipomaliza. "Anataka maji, mimi ndiye nasema anataka maji. Siku ile kwenye skrini nikajiambia, leo kajisemea mwenyewe, wewe Veronika ni nani umzuie? Nimelia siku tatu, nikaenda kuagiza sanduku." Akanigeukia. "Dada Oliva. Na lile la Mama?"

Sikuelewa.

"Kuna siku alisema Mama." Sauti ikawa ndogo. "Lile nalo ni la mashine?"

Nilikuwa nimelala na swali hilo bila kujua litaulizwa kwa maneno gani, na nilikuwa nimeshalitafuta jibu. Nikamsogezea kibao. "Fungua daftari lako. Tarehe ngapi?"

"Februari kumi na tisa."

"Tazama mwenyewe. Nukta iliyojaa ni lake."

Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. *Mama.* Nukta nyeusi, imejaa, haina shaka. Akashusha pumzi ndefu, mabega yake yote yakashuka nayo.

Tukaenda mstari kwa mstari, yeye na daftari, mimi na kibao, Mwalimu akishika kalamu. *Mama uji chumvi.* Imejaa. *Kelele.* Imejaa. *Hapana kofia.* Imejaa. Kisha tukavuka Machi kumi na moja. *Nakupenda sana, mama yangu.* Tupu. Hapo alisimama, na machozi aliyosema yamekwisha yakawepo. Hakuna aliyemharakisha. Akachukua kalamu kutoka kwa Mwalimu, akaweka duara dogo tupu pembeni mwa mstari, kwa mkono wake.

"Endelea."

*Asante kwa yote unayonifanyia.* Tupu.

"Hili lilinitia wasiwasi tangu siku ile," akasema, akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Kwetu nani amewahi kusema 'kwa yote unayonifanyia'? Nikadhani labda ni elimu." Akaanza kucheka, kidogo kidogo, kama mtu anayepata joto. "Kwa hiyo mazuri yote ni ya mashine, na yangu ni uji chumvi."

"Ndivyo nukta zinavyosema, mama," Mwalimu akajibu.

"Basi huyo ndiye. Huyo ndiye mwanangu." Akafunga daftari. "Uji wangu una chumvi kweli?"

"Mimi sijauonja," nikasema.

"Mwiteni. Aulizwe."

*

Tulimkalisha mahali pake, si ofisini, maana mahali pageni peke yake pangekula nusu ya maneno yake. Pazia la kona ya utulivu nikaliacha wazi ili aone kwamba anaweza kwenda. Nikazima kisio kabisa. Kinenea kingebaki kimya mpaka yeye aseme, hata kama ni mpaka kesho. Mezani nikaweka picha mbili: nyumba yao, na jengo la Bweni Kuu. Kulia, kushoto.

"Mama, swali moja tu," nikamwonya. "Fupi. Ukishauliza, funga mdomo. Ukirudia, hata kwa upole, yeye anaanza upya tangu chini."

"Nimeelewa."

"Si rahisi."

"Nimemzaa, Dada Oliva."

Akauliza. "Elyudi, utaenda bweni?"

Nikaanza kuhamisha. Moja. Mbili. Elyudi alikuwa anatazama lile sanduku pale mlangoni. Sita. Saba. Mwalimu Mgaya alikuwa amekaa juu ya mikono yake, kweli kabisa, ameikalia. Tisa. Kidole cha Elyudi kikaanza kugonga meza.

"Baba, sema tu, mama hatakasirika, hata kama..."

Kidole kikakoma. Mama Elyudi akajiziba mdomo kwa mkono, amechelewa. Nikarudisha punje zote mfuko wa kushoto nikaanza tena. Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye ya kumi na moja kinenea kikakwaruza.

"Mama."

Nikahamisha ya kumi na mbili.

"Subiri."

Mama Elyudi alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, mkono bado mdomoni. Nikaendelea. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini. Mfuko wa kushoto ukaisha. Sikuwa nimewahi kufika huko. Nikaanza kuzirudisha, kutoka kulia kwenda kushoto, huku nafikiria: na akisema ndiyo? Akisema ndiyo ni lake, na tutamfungia sanduku. Nilikuwa nimeapa hivyo moyoni usiku kucha. Nne. Tano. Mkono wake ukaondoka mezani, ukasukuma picha ya bweni mpaka ukingoni, picha ikaanguka.

"Siendi," kinenea kikasema.

Mwalimu Mgaya alitaka kusimama. Nikamwashiria akae, kwa sababu koo la Elyudi lilikuwa bado linacheza. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

"Kuku."

"Kuku?" Mama Elyudi akanong'ona, akajiziba tena.

Punje zikaisha upande huo pia. Nikageuza. Ukungu ulikuwa unapanda dirishani, na Faraja, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya mlango, kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu.

"Ameatamia," kikasema kinenea. "Viazi."

*

Mwalimu alipiga simu Bweni Kuu kabla ya saa sita, akawasomea kauli mpya yenye nukta zilizojaa. Gari halitakuja. Taarifa ya wilayani aliiandika kwa mkono wake na kunisomea yote, pamoja na mahali penye jina langu. Jibu lake bado hatujalipata. Subira za watoto watano ziko thelathini, na namba ya siri nimemwomba aibadilishe asiniambie.

Mchana Mama Elyudi hakutaka kurudi nyumbani bila mimi. Tukashuka watatu, sanduku kichwani mwake. Nyuma ya nyumba yao kuna banda la viazi, la mbao, ambako Elyudi huingia kila jioni.

"Nilidhani anakwenda kujitikisa tu," akasema. "Namwacha. Kila mtu na mahali pake."

Elyudi aliinama akapita chini ya magunia matupu kana kwamba sisi hatupo. Tukachungulia. Kwenye kona, juu ya majani makavu, kuku mwekundu alikuwa amejitanua kama chungu, macho makali, hataki salamu ya mtu. Elyudi akatia mkono mfukoni mwa kaptula, akatoa njegere, akaziweka mbele yake moja baada ya nyingine.

"Jamani," Mama Elyudi akasema. "Na mimi nilimtukana kicheche wa watu."

Akachuchumaa. "Elyudi, mayai mangapi?"

Kisha akafunga mdomo. Nikamwona anavyoufunga. Akaninyooshea kiganja bila kugeuka, nikamwekea punje zangu ishirini, akaanza kuzihamisha, kiganja kwa kiganja, si kwa haraka. Kuku akadonoa njegere ya kwanza. Elyudi alikuwa anatazama mikono ya mama yake.

Kwenye punje ya kumi na nne kinenea kikasema, "Tisa."

Kuku alijiinua kidogo kupanga mayai yake, tukayaona yote. Mama Elyudi akahesabu kwa midomo, akanigeukia amekodoa macho.

"Kuhesabu nani alimfundisha?"

Nikataka kujibu, nikatazama punje kiganjani mwake, nikamwashiria amwulize Elyudi mwenyewe.